Vumbi Lililonenepa: Miaka Thelathini na Minne ya Verna Terpstra Maabarani

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi jioni, Bi. Verna Terpstra atavua koti lake la maabara na kulitundika kwa mara ya mwisho nyuma ya mlango wa Maabara Namba Nne. Atakuwa ameitumikia taasisi yetu hapa Sarnia kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku ishirini na tano. Katika muda huo tumekuwa na wakurugenzi sita, nembo nne na kaulimbiu tisa. Mizani nyeti tumekuwa nayo moja, na aliyeitunza ni yeye.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu majalada ya wafanyakazi yako chini ya dawati langu. Niliombwa niandike kitu kifupi chenye furaha. Furaha imo. Kuhusu ufupi naomba radhi, kwa maana jalada lake ni nene. Kila tukio nililolitaja lina tarehe na sahihi ndani ya jalada hilo, isipokuwa maneno ya watu, ambayo nimeyapata kwa waliokuwapo na kuwasomea kabla ya kuyachapisha. Hakuna aliyeniomba nifute lolote. Mmoja aliniomba nipunguze, nikapunguza.

Nitangulize jambo moja ili msomaji asiachwe gizani. Hadi Jumanne ya wiki hii, ilikuwa haijulikani kama madaftari ya Verna, arobaini na sita kwa hesabu, yangehifadhiwa au yangesagwa. Kanuni yetu ya ishirini na mbili inasema madaftari ya fundi anayestaafu huingia hifadhini, ila yakiwa ya mtu mwenye barua ya onyo kwa kuharibu jaribio, hupigwa muhuri wa "Yasitegemewe", na baada ya siku tisini hupelekwa kwenye mashine ya kukata karatasi. Verna alikuwa na barua kama hiyo. Alipoulizwa mwezi Septemba angependa sherehe ya namna gani, alijibu, "Fanyeni, msifanye, shauri yenu. Vitabu vyangu vinakwenda wapi?"

Alizaliwa Thedford, kwa wazazi wakulima wa vitunguu waliokuja kutoka Uholanzi. Baba yake alikuwa akipima kila gunia mara mbili, siku ya kulijaza na siku ya kulitoa ghalani, na tofauti akaiandika ukutani kwa chaki. Verna alipokuwa na umri wa miaka tisa kazi hiyo ikawa yake. Alisomea ufundi wa maabara mjini, akaingia kwetu Jumanne ya tarehe 3 Septemba 1991, siku moja baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi, akiwa na chupa ya kahawa na mkate wa mayai uliofungwa kwa karatasi. Wanaomjua wanasema chupa ni ileile.

Kwa wenzetu wa ghorofa ya tatu, ambao huandika habari za vichocheo bila kuvigusa, labda nieleze kazi yake. Hewa ukaa inayotoka kwenye mabomba ya viwanda huingizwa pamoja na haidrojeni ndani ya chombo kinene cha chuma, ambacho sisi hukiita chungu. Hewa hizo zikipashwa moto na kubanwa zenyewe tu, hakitokei kitu. Ukitia humo vumbi jeusi ambalo chembe yake ni ndogo kuliko kijidudu chochote cha maradhi, hewa hizo mbili hukubali kuungana, na hutoka methanoli, ambayo viwanda huigeuza rangi, gundi, plastiki na mafuta ya kuendeshea mitambo. Vumbi hilo ndilo kichocheo. Kazi haikili, kwa hiyo unaweza kukitoa na kukirudisha tena na tena. Katikati ya kila chembe mna chuma, ili sumaku iivute. Ukishaivuta unaosha, unakausha, unapima uzito, unarudisha.

Dunia nzima inapenda kusikia kwamba kitu hutumika tena. Wanaopenda kukiosha ni wachache. Kwa miaka mingi hapa kwetu alikuwa mmoja.

Kanuni zake ziko kwenye kadi iliyobandikwa juu ya sinki: osha kwa maji, weka ovenini mpaka kesho, pima mara tatu, ukipata namba tofauti, rudisha vumbi ovenini, usirudishe kalamu kusahihisha namba. Wanafunzi wa shahada za uzamivu walikuja na kuicheka kadi hiyo. Baada ya wiki mbili waliinakili.

Mwaka 2009 profesa mgeni, mtu mwenye medali, aliinamia sinia la kichocheo akapiga chafya. Sinia likabaki jeupe. Maabara nzima ikamtazama Verna, kwa kuwa vumbi lile lilikuwa kazi yake ya miezi minne.

"Usijali, Profesa," alimwambia huku akimpa karatasi ya kujifutia. "Ila usikae karibu na hita. Kuanzia leo unaweza kutoa methanoli puani."

Ni haki kusema kwamba wakurugenzi hawakumpenda sana. Hakuwa mkorofi. Tatizo lilikuwa chati zake, ambazo zilishuka. Kichocheo chochote cha kweli hupungua nguvu kidogo kila mzunguko, na vumbi kidogo hupotea kwenye sinki, kwenye sumaku, kwenye kidole. Ukianza na mia, mzunguko wa kumi unakuta sitini na moja. Yeye aliandika sitini na moja. Maabara nyingine zilizoshindana nasi ziliongeza kijiko cha vumbi jipya kabla ya kupima, kimyakimya, na chati zao zilikuwa tambarare kama ziwa lililoganda. Mkurugenzi wetu wa tatu alimwuliza kama haiwezekani kuugeuza mhimili wa chati ili mstari upande. Alimjibu kwamba inawezekana pia kuutundika juu chini, ila wasomaji watalazimika kusimama kwa kichwa.

Mwaka 2012 akaja Dk. Graydon Pellow, mkurugenzi wa tano, pamoja na kaulimbiu ya saba, "Moshi Uwe Mali." Sina haja ya kumkosea heshima, kumbukumbu za vikao vyake zinatosha. Aliona kukausha ovenini mpaka kesho ni kupoteza wakati, kwa maana kunaruhusu mzunguko mmoja tu kwa siku, naye alitaka minne. Akaamuru kwamba kichocheo kioshwe kwa methanoli, kwa kuwa hukauka haraka, na kipulizwe hewa ya uvuguvugu kwa dakika ishirini.

Naomba msomaji aisome sentensi hiyo tena polepole. Tulikuwa tunatafuta methanoli. Tukaanza kuosha kwa methanoli. Katika chumba kile walikuwamo watu kumi na mmoja wenye shahada za uzamivu, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba aliyeinua mkono ni fundi.

"Graydon," alisema, "tutakiosha kwa methanoli, halafu tutafute methanoli?"

"Inakauka, Verna. Inakauka kabla hujamaliza kuitaja jina."

"Juu ya meza, ndiyo. Vumbi hili lina matundu mengi kuliko soksi za mume wangu. Ikiingia humo haitoki kwa kupulizwa."

"Dada, kemia tuachie sisi."

Kumbukumbu rasmi ya kikao inasema hivi: "Fundi aliuliza kuhusu kuosha. Alijibiwa."

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Mzunguko wa pili ulitoa methanoli nyingi kuliko wa kwanza, wa tatu kuliko wa pili, na hivyo hivyo mpaka wa kumi na mbili. Tukawa taasisi ya kwanza kuwa na kichocheo kinachozidi kuwa kijana kadiri kinavyofanya kazi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini jambo hilo halijawahi kutokea kwa farasi, kwa tairi wala kwa mkurugenzi. Iliagizwa keki yenye chati juu yake kwa sukari ya bluu, na mstari ukapanda mpaka ukingoni mwa sinia. Picha ya keki ilitoka ukurasa wa kwanza wa jarida hili hili.

Wakati wengine wanakula keki, Verna alikuwa mbele ya mizani. Kila mzunguko alikuwa akitia chunguni gramu mbili kamili. Baada ya mzunguko wa kumi na mbili, vumbi lililotolewa, likaoshwa na kupulizwa, lilikuwa na gramu mbili na sehemu kumi na moja za mia. Akamwita Dk. Mireille Gaudreau, mtafiti kijana aliyetoka Sudbury mwaka 2013 kwa mkataba mfupi, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuosha.

"Mireille, njoo uone hapa."

"Mizani imeharibika?"

"Nimeijaribu kwa jiwe lake mara tatu. Mizani nzima. Vumbi ndilo limenenepa."

"Labda limeshika masizi."

"Miaka ishirini na mbili sijaona hata mara moja vumbi likirudi zito. Hurudi jepesi, na mimi hulaumiwa. Kwetu kitunguu kikiongezeka uzito ghalani, hukai kukisifu kitunguu. Unatafuta paa linapovuja."

Dk. Gaudreau alicheka, kisha akaacha. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia hayo. "Nilishuku palepale kwamba methanoli ya kuoshea imebaki ndani ya vumbi," aliniambia. "Nikamwomba asimwambie Graydon siku ile, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa unaisha Juni."

Verna hakusema siku ile. Aliandika. Jalada lina barua zake tano, zote za ukurasa mmoja, zote zikiomba kitu kimoja: jaribio tupu. Yaani chungu kiendeshwe kama kawaida, kichocheo kilekile, moto uleule, ila badala ya hewa ukaa kitiwe naitrojeni, ambayo haiwezi kutoa methanoli hata ukiibembeleza. Isipotoka methanoli, yeye ameshindwa na ataomba radhi. Ikitoka, haitoki kwenye moshi. Jaribio lenyewe huchukua asubuhi moja. Majibu aliyopewa nayanakili kama yalivyo: "Imepokelewa." "Itazingatiwa." "Tunathamini ari yako." "Ratiba imejaa." Barua ya tano haikujibiwa.

Siku ya onyesho kubwa ilikuwa Jumatano, tarehe 12 Machi 2014. Walikuja wageni wa kampuni iliyotaka kujenga kiwanda cha majaribio kando ya mto, wakaja watu wa halmashauri ya mji na mpiga picha. Wote walivishwa makoti meupe mapya, ingawa hakuna aliyegusa kitu kinachochafua.

Kufunga mitungi ya gesi ilikuwa kazi ya Verna. Kwa utaratibu wetu, fundi huandika alichofunga kwenye daftari la chungu, na yeyote atakayeendesha jaribio husoma na kutia sahihi kabla ya kufungua. Saa mbili na dakika kumi asubuhi aliandika kwa herufi kubwa kwamba mtungi wa kwanza ni wa naitrojeni, kwamba hewa ukaa haimo, na kwamba hili ni jaribio tupu. Dk. Pellow alitia sahihi saa tatu na dakika arobaini. Hakusoma. Mtu ambaye ameagiza keki hasomi.

Chungu kikapashwa moto. Kipimo kikaanza kuchora, na pale methanoli inapostahili kuonekana, kalamu ikapanda kama mnara. Watu wakapiga makofi.

"Mabibi na mabwana," alisema Dk. Pellow, "mmeona kwa macho yenu moshi ukigeuka mali."

"Samahani, Graydon," alisema Verna kutoka kwenye mitungi. "Moshi upi?"

"Baadaye, Verna."

"Humo hamna hewa ukaa. Ni naitrojeni. Nimeandika kitabuni, na umetia sahihi."

Mgeni mmoja wa kampuni, bwana mfupi aliyekuwa bado ameinua mikono ya kupiga makofi, akauliza, "Sasa hii methanoli imetoka wapi?"

"Kwenye chupa ya kuoshea, bwana. Tumeinunua, tukalilowesha vumbi kwayo, tukaipasha moto, nanyi mkaishangilia."

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo watu wazima waliketi na kufikiri. Hawakufanya hivyo. Dk. Pellow alicheka, akasema fundi amechanganya mirija na atapumzishwa, kisha akawapeleka wageni kula viazi vya kukaanga chini ya daraja. Wiki iliyofuata onyesho likarudiwa kwa hewa ukaa, kalamu ikapanda palepale kwa kimo kilekile, na makofi yakapigwa upya. Kwamba kimo kilikuwa kilekile, kuwe na moshi au kusiwe na moshi, hakukumsumbua mtu. Kampuni ikajenga.

Kiwanda kilifanya kazi siku arobaini na moja. Mkaguzi wa moto, ambaye hana shahada ya kemia, aliwakataza katakata wasioshe kitu kwa mapipa ya methanoli karibu na tanuri. Ikabidi waoshe kwa maji na kukausha kama kadi iliyo juu ya sinki inavyosema. Tangu siku hiyo methanoli ikatoweka. Jengo lipo mpaka leo, na mji huweka humo chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa barafu. Dk. Pellow aliondoka mwaka 2016 kwenda kwenye cheo kikubwa zaidi, na jarida hili lilimwandikia wasifu wa kurasa nne ambamo kiwanda hakikutajwa.

Verna aliandikiwa barua ya onyo tarehe 17 Machi 2014. Inasema kwamba aliharibu onyesho kwa makusudi, na kwamba alibadili mtungi "bila kumwarifu mtu yeyote." Shahidi aliyetia sahihi ni Dk. M. Gaudreau. Ushahidi wa kupinga ungekuwa daftari la chungu. Daftari hilo liliazimwa na ofisi ya mkurugenzi tarehe 13 Machi 2014. Fomu ya kuazima ninayo. Daftari sinalo.

Alihamishiwa ghala la vyombo vya kioo, ambako alikaa miaka mitatu. Hakulalamika kwa maandishi. Alipanga chupa kwa ukubwa, akagundua kwamba mia mbili na kumi zilizohesabiwa kuwa zimevunjika hazijavunjika, na akaongoza timu ya wafanyakazi kwenye mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu mpaka wakashika nafasi ya pili mkoani. Juu, Maabara Namba Nne, walikuwa na mashine mpya tatu na hawakuweza kupata namba ileile mara mbili. Mkurugenzi wa sita, alipofika mwaka 2017, aliuliza nani zamani alikuwa akikausha. Wakamwambia yuko chini, anapanga chupa.

Alirudi. Mkuu wake mpya wa kitengo alikuwa Dk. Gaudreau, ambaye mkataba wake ulikuwa umerefushwa, ukarefushwa tena, na hatimaye ukawa wa kudumu. Wakafanya kazi pamoja miaka minane meza kwa meza. Walizungumza habari za sumaku, matundu na joto. Habari ya mwaka 2014 hawakuigusa, na wengine wote tulijifunza kutoigusa.

Katika miaka hiyo minane ndipo yalipopatikana mafanikio yetu ya kweli, na nayataja kwa fahari. Kichocheo kinachotumika sasa kimerudishwa chunguni mara ishirini. Kinaoshwa kwa maji. Kila mzunguko wa tano hufanyiwa jaribio tupu, na kalamu hulala sakafuni kama inavyopaswa. Baada ya mizunguko ishirini kimepoteza sehemu nne kwa mia ya nguvu zake. Maabara mbili za nje zimekijaribu kwa mikono yao na kupata namba zetu. Chati yake inashuka. Ndiyo sababu tunaiamini.

Lakini barua ilibaki jaladani, na kanuni ya ishirini na mbili haina macho. Mwezi uliopita nililetewa muhuri wa "Yasitegemewe" pamoja na wino wake. Kanuni hiyohiyo inasema kwamba kabla ya muhuri kupigwa, kamati ya watu watano ikae, na shahidi wa awali aarifiwe. Kifungu hicho hakijatumika tangu kiandikwe. Nilimwandikia Dk. Gaudreau taarifa, mistari mitatu, na nakala nikaiweka jaladani. Mkononi sikuwa na nguvu nyingine.

Kamati ilikaa Jumanne saa nne asubuhi. Verna alikuwapo, amevaa koti la maabara kwa sababu alikuwa na vumbi ovenini. Mjumbe mmoja, ambaye alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja wa kikao cha kuosha kwa methanoli, alisema yaliyopita si ndwele, mstaafu apewe zawadi nzuri na mambo ya madaftari yaende kwa kanuni. Nimeona kwamba methali hiyo hupendwa zaidi na wasioumwa.

Mwenyekiti akamwuliza Dk. Gaudreau kama anasimama na maneno ya ushahidi wake.

"Hapana," alisema.

"Hapana kwa sehemu gani?"

"Sehemu ya kwamba hakumwarifu mtu yeyote. Siku ile nilifika maabara saa mbili na dakika ishirini. Nilikifungua kitabu cha chungu, nikakisoma. Naitrojeni, herufi kubwa. Nilijua kabla wageni hawajavaa makoti."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Nilitaka kuona kalamu itapanda au haitapanda. Ilipopanda nikajua kwamba kazi yangu ya mwaka mzima ilikuwa kunusa chupa yangu mwenyewe. Halafu Graydon akaniletea karatasi nitie sahihi. Mkataba wangu ulikuwa juu ya meza ileile."

Yule mjumbe wa methali alisema, "Daktari, unajua unachokisema kinaingia kwenye jalada lako pia?"

"Karani anaandika," alijibu. "Mwache aandike."

Nikaandika.

Mwenyekiti akamgeukia Verna na kumwuliza kama ana la kuongeza. Alisema, "Sijaja kutafuta mtu wa kumfokea. Mle madaftarini mna uzito wa kila kijiko cha vumbi kilichopita hapa tangu 1991, na ile mizunguko kumi na miwili imo. Iko siku mtoto fulani mwenye akili ataosha tena kwa methanoli, kwa sababu inakauka haraka. Nataka akute mahali pa kusoma."

Kura zilikuwa tatu kwa mbili. Barua ya onyo imeondolewa jaladani. Majina ya waliopiga kura hayachapishwi, na sitayachapisha.

Nje ya chumba, kwenye korido, wawili hao walisimama karibu na mashine ya kahawa. Nilikuwa nyuma yao na makabrasha, na wote wawili wameniruhusu kuandika walichosema.

"Ungesema mwaka ule," alisema Verna.

"Wangenifukuza."

"Mimi walinipeleka ghalani."

Verna akamaliza kahawa yake.

"Kesho vumbi linatoka ovenini saa moja asubuhi," alisema. "Nina miadi ya meno. Njoo wewe ulitoe. Mara tatu, Mireille, na usilisogelee kwa pumzi."

Kesho yake Dk. Gaudreau alikuja saa moja kasoro dakika kumi. Nilimwona kwa sababu nilikuwa nimeshafika na toroli la kubebea madaftari.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote namshukuru Verna kwa kazi ambayo haina picha ya kupiga: kuosha, kukausha, kupima, na kuandika namba iliyopo badala ya namba iliyotakiwa. Namshukuru mume wake, Bw. Harm Terpstra, kwa kuvumilia kutajwa kwa soksi zake. Anatuambia kwamba atapumzika nyumbani Bright's Grove, atafundisha vijana kusukuma mawe kwenye barafu, na hatafuata habari zetu isipokuwa zikiwa mbaya. Tunamwombea afya, magoti yasiyouma, na asubuhi nyingi ambazo hakuna kinachomngoja aamke.

Madaftari arobaini na sita ya V. Terpstra yaliingizwa hifadhini Jumatano, tarehe 26 Novemba, kabati la tatu, rafu ya usawa wa macho. Hayana muhuri. Daftari lake mwenyewe la mwaka 2014 nimelifungua mimi ili kuhakiki kurasa, na nimekuta zote zimo. Yeyote anayetaka kulisoma aje dawatini kwangu siku yoyote ya kazi. Hahitaji kueleza sababu. Nenda salama, Verna. Namba zako zinabaki kama ulivyoziandika.